Madam mi kilaza tu

Kuna karatasi moja ya mtihani nimeitunza tangu mwaka juzi, imetoboka katikati. Haijachanika, imetoboka kwa raba. Mwenyewe alikuwa anaandika jibu kwa penseli, anafuta, anaandika tena, anafuta tena, mpaka karatasi ikaisha, na chini kabisa kaandika kwa peni, mwandiko mzuri tu, "Samahani Madam". Swali lilikuwa la kujumlisha nusu na theluthi, basi. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha maana penseli ikifutwa huwa inaacha alama kama kovu, nikaona pembeni ya tundu jibu lake la kwanza kabisa, tano juu ya sita. Sahihi. Alilipata, akalifuta, akaomba msamaha.

Ntamwita Zai, sio jina lake. Alikuwa form two, shule ya kata mkoa wa Morogoro, darasa la watoto 87, nafundisha hesabu hapo mwaka wa saba sasa. Nikamwita ofisini nikamuuliza mwanangu mbona umefuta jibu zuri hivi? Hakubisha, hakulia, akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayekutajia umri wake: "Madam mi kilaza tu."

Hiyo "tu" ndo ilinimaliza.

Kama umesoma Tanzania hilo neno nisikuelezee, kuna vipanga na kuna vilaza, na kufika form two kila mtoto anajua yuko upande gani hata kama hakuna aliyewahi kumgawa rasmi. Na niseme ukweli, mimi mwenyewe nimeshalitumia hilo neno darasani, tena kwa kuchekesha, darasa zima likacheka na aliyeambiwa akacheka pia, nadhani yeye ndo alicheka kwa nguvu kuliko wote. Sijui leo yuko wapi. Kwahiyo haya ninayoandika hapa yasikufanye udhani naandika kama mtakatifu.

Hebu fikiria safari ya hawa watoto. Miaka saba shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, sehemu, desimali, pembetatu, mzingo, eneo. Januari anaingia form one, anapewa wiki chache za kuzoeshwa Kiingereza, afu vitu vilevile vyote vinabadilishwa majina. Kuna mwaka niliwajaribu form one wangu, siku ya kwanza nikaandika ubaoni maswali matano kwa Kimombo, kesho yake nikayaleta yaleyale kwa Kiswahili nimebadilisha namba tu. Siku ya kwanza kimya, unasikia nzi. Ya pili mikono juu mpaka wengine wamesimama juu ya benchi. Walikuwa wanajua, hawakujua tu kwamba wanajua. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kukaa chini akasema aah, kilichobadilika hapa ni lugha. Yeye anachoona ni kwamba mwaka jana alikuwa na akili na mwaka huu hana, kwahiyo lazima shida ni yeye.

Juu ya hapo weka mitihani. Hesabu form four kwa miaka mingi ndo somo linaloongoza kwa kufelisha, wanaopata angalau D ni kama mmoja kwa kila watoto wanne au watano, na D yenyewe inaanzia alama 30. Watoto wanazijua hizi habari, wanaingia darasani wakiwa wameshajihesabu kwenye wale wa kufeli. Wanaokumbuka matokeo ya form four ya 2012, yaliyotoka Februari 2013, wanakumbuka nchi nzima ilivyopigwa na butwaa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro mpaka waziri mkuu wa wakati ule, Pinda, akaunda tume na baadaye matokeo yakapangwa upya. Binamu yangu alikuwemo. Yalipopangwa upya akatoka ziro akaenda divisheni four. Leo ana mke, ana duka la vifaa vya simu, mambo yake safi, lakini mazungumzo ya shule yakianza lazima aseme "mi mwenzenu nilipata ziro". Cheti kinasema four! Kinasema four lakini yeye anasema ziro, mwaka wa ngapi sasa.

Na 2023 baraza la mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora nilifurahi sana, nikadhani na sisi huku chini tutaacha. Wapi. Orodha bado tunaibandika ukutani nje ya ofisi ya taaluma, wa kwanza mpaka wa mwisho kwa majina, na wa mwisho ndo anatafutwa kwanza.

Sauti yangu mimi, ile ya ndani inayokwambia huwezi, maana na mimi ninayo, ni ya mwalimu wangu wa darasa la tano. Nilikosea kugawanya ubaoni akasema, "Wewe utaishia kukaanga maandazi." Mama yangu alikuwa anakaanga maandazi. Anaamka saa tisa usiku, ndo maandazi hayohayo yaliyoninunulia sare niliyokuwa nimevaa nikitukanwa. Sijui yule mwalimu alikuwa anajua au la, sijawahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba mwaka wa pili chuoni kwenye pepa ya kalkulasi, nimejiandaa vizuri kabisa, nikafungua swali la kwanza nikasikia harufu ya mafuta ya maandazi. Harufu kabisa. Na mpaka leo nina digrii, mkaguzi akikaa nyuma ya darasa nikakosea ishara ya kutoa, yule mwalimu anakuja, anasimama pale mlangoni.

Ndo maana Zai aliponiambia vile sikuweza kumjibu "hapana bwana wewe una akili". Nilishaambiwa hivyo mara nyingi na haikusaidia.

Ila nikafanya ujinga mwingine.

Niliangalia klipu za wale mamotivesheni spika, nikaja darasani asubuhi nimepania, nikawasimamisha wote 87 tukaanza kuimba "Mimi ni kipanga! Hesabu ni rahisi! Mimi ni kipanga!" bati linatetemeka, mwalimu wa kemia akaja kuchungulia akadhani tumetembelewa na mgeni. Wiki mbili tulifanya hivyo na nilijisikia vizuri sana, mimi. Siku moja nikamwangalia Zai, midomo inacheza sauti haitoki. Nikamuuliza baadaye, akasema, "Madam nikisema hivyo kuna mtu ndani anacheka."

Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba kuna watafiti Canada, Joanne Wood na wenzake, 2009 waliwapa watu sentensi ya kujisemea kwamba mimi ni mtu wa kupendeka. Waliokuwa tayari wanajithamini ilikuwa heri kidogo, lakini wale waliojidharau, yaani hasa wale ambao dawa ilitengenezwa kwa ajili yao, walijisikia vibaya zaidi. Sentensi tamu inamwamsha yule mbishi aliyelala ndani. Kwahiyo kwa wiki mbili nilikuwa nawapa vipanga sukari na vilaza nawapa mtu wa kuwacheka. Asante sana motivesheni.

Kosa la pili, ambalo walimu na wazazi tunalifanya kila siku, ni "usiwaze hivyo". Hili nililiacha kwa sababu ya embe. Niliwaambia watoto kwa dakika moja msifikirie embe bichi, lile la kijani, limekatwa vipande limepakwa chumvi na pilipili ya unga, msilifikirie kabisa. Darasa zima mate, kuna mmoja akameza kwa sauti tukasikia wote. Daniel Wegner alifanya kitu kama hicho Marekani 1987, yeye aliwakataza wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe na dubu akawa anarudi kila saa. Sasa mtoto anakwambia nafikiria nitafeli wewe unamwambia usifikirie kufeli, umemwekea embe mezani.

Hapo ndo nikafika kwenye hii kitu wanaita maindifulnesi, jina lenyewe tu linakutoa jasho. Ilivyo leo mahospitalini na mashuleni sehemu kubwa inaanzia kwa Jon Kabat-Zinn, ambaye 1979 alifungua kliniki hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu sugu, watu ambao dawa zimegonga mwamba, akachukua mazoezi ya kutafakari ya Kibudha akayatoa mambo ya dini akabakiza kukaa, kupumua na kuangalia kinachopita. Mi darasani sisemi hilo jina. Nasema "kutulia". Kiswahili kina neno na kila mtoto keshaambiwa na bibi yake tulia wewe, ila hakuna aliyemfundisha unatuliaje.

Tunafanya dakika tatu mwanzo wa kipindi. Mgongo wima, miguu chini, macho yafumbe au yatazame sakafu, anayeogopa kufumba asifumbe. Kwanza masikio, tafuta sauti ya mbali kuliko zote unayoweza kuisikia, mashine ya kusaga, bodaboda inapanda kilima, mama anaita mtoto. Halafu pua, hewa inaingia ya baridi inatoka ya moto, hesabu kumi, ukipotea anza moja bila kujigombeza. Wanapenda sana hii ya kuanza moja bila kujigombeza, wananiambia ni sehemu pekee kwenye hesabu ambapo ukikosea huchapwi. (Fimbo yenyewe siku hizi naiacha ofisini. Nilijaribu kuwatuliza nikiwa nimeishika mkononi, nikaona macho ya wote 87 yako kwenye fimbo. Haiendi.)

Na mawazo yakija? Hapo nawapeleka stendi ya Msamvu. Umekaa stendi unasubiri gari lako, makonda wanaita Kihonda! Mazimbu! Mafiga! mwingine anakuvuta mpaka mkono, dada twende siti ipo. Gari lipo kweli, konda yupo kweli, kelele ni za kweli, ila sio lazima upande. "Mi kilaza" nalo ni konda. Mwangalie, msikie anakopeleka, mwache aondoke. Wavulana wa nyuma wakaanza kuigiza konda wa "Ziro! Ziro! Ziro moja siti ya dirisha!" darasa likafa kwa kicheko na mi nikacheka, maana konda ukishamchekea ni ngumu kukuogopesha.

Kulikuwa na mtafaruku kidogo. Mzee mmoja, mtu wa swala tano, alikuja shuleni kasikia tunawafundisha watoto kuita majini. Nikampa kiti. Nikamuuliza, shikamoo baba, samahani, hivi ukiwa kwenye swala ghafla akili ikaenda sokoni, unafanyaje? Akasema nairudisha. Nikamwambia ndo hicho tunafundisha, ila sisi tunairudisha kwenye hesabu. Akakaa kimya kidogo, afu akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwanae anairudisha kweli. Nikamwambia anajitahidi.

Sasa kutulia peke yake ni nusu ya kazi. Ukishamsikia konda vizuri inabidi umuulize swali, na swali langu kwa watoto ni "nani huyo?" Tunakunja karatasi katikati. Kushoto andika ile sauti inavyosema, maneno yaleyale, usiyapambe. Kulia andika uliyasikia wapi mara ya kwanza na kama yana ushahidi. Aaron Beck, daktari wa akili Marekani, miaka ya 60 aligundua wagonjwa wake wa sonona wana mawazo mafupi yanayojirusha yenyewe haraka haraka, mtu hata hajui kama kayawaza, anabaki na huzuni tu. Ukiyaandika yanapungua mbio, unaweza kuyakagua kama polisi wa barabarani, leseni iko wapi, umetoka wapi unaenda wapi.

Walivyoandika, jamani. "Kichwa maji." "Kwetu hakuna aliyesoma." "Wasichana hesabu sio zetu." "Kaka yako alikuwa anakuzidi." Na upande wa kulia, shangazi, mwalimu wa darasa la sita, jirani, baba, mwalimu, mwalimu, mama akiwa na hasira, mwalimu. Nilihesabu, kazi yangu kuhesabu, walimu tuliongoza. Mmoja aliandika kushoto "hata nikifaulu hela ya kwenda advansi itatoka wapi" na kulia akaandika "hii ni kweli". Nikakubaliana naye. Ile sio sauti mbaya, ile ni taarifa, inahitaji watu wazima wakae chini, haihitaji kupumua.

Baada ya hapo ndo unajibu. Na jibu liwe dogo na liwe kweli, kubwa zuri halisaidii, tuliona. Hapa ndo nataka kusema kitu ambacho sijasikia watu wanakisema. Kuna profesa wa Marekani, Carol Dweck, anapenda kusimulia shule moja ya sekondari Chicago ambako mwanafunzi asipofaulu somo hapewi F, anaandikiwa kwamba bado. Kazunguka nalo dunia nzima hilo neno na watu wanampigia makofi. Mi nikacheka nikasema hawa wenzetu wanalisafiria kitu tunacho jikoni. Kiswahili hakikuruhusu hata kukataa kitu bila kuchagua kama mlango umefungwa au uko wazi! Sielewi, sijaelewa. Siwezi, sijaweza. Hajui, hajajua. Silabi moja tu, ja. Na adabu zetu ziko hivyohivyo, mtu wa miaka arobaini ukimuuliza umeoa? hasemi hapana, anasema bado. Una mtoto? Bado. Umejenga? Bado. Umri wowote, hali yoyote, mlango tunauacha wazi. Ila tukifika darasani tunaanza siwezi, sijui, sielewi, hesabu sio zangu.

Kwahiyo sheria ya darasa langu ni moja, ukisema siwezi somo linasimama mpaka useme sijaweza. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu kwa sababu walikuwa wananirekebisha mimi. Nimesimama nahangaika na projekta ya kuazima nikasema hiki kidude siwezi, 87 wakanijibu kwa pamoja HUJAWEZA. Kipanga mmoja akanyoosha mkono, "Madam, sijawahi kufaulu, mbona hiyo ina ja na bado inauma?" Nikamwambia kaa chini, afu nikakaa na swali lake usiku mzima, maana kasema kweli. Sijawahi inaangalia nyuma, inahesabu makaburi. Kesho yake nikamwambia hiyo ifuatishe na neno lingine, sijawahi kufaulu, bado. Akasema sawa sawa, ila hakuridhika.

Na bado yenyewe ina hatari yake. Fundi wako wa nguo akikwambia "bado kidogo, njoo Jumamosi" wiki ya nne mfululizo unajua hata kitambaa hajakata. Ndo maana akisema sijaweza namuuliza bado nini? Bado tebo ya saba. Haya, tebo ya saba ni ya Ijumaa. Bila hicho kipande cha pili unamfundisha mtoto kujidanganya kwa upole.

Kuna vingine viwili tunafanya ambavyo havichukui muda. Kimoja ni kujiita kwa jina, badala ya "naogopa" unajiambia "Zai, unaogopa nini hapo?" Ethan Kross na wenzake Michigan walichapisha 2014 kwamba mtu akijisemesha kwa jina lake au kwa "wewe", anaikabili hofu kama anavyomshauri rafiki, kwa mbali kidogo. Bibi yangu alikuwa anafanya hivyo jikoni bila utafiti wowote, "we Mwanaidi, chumvi umetia au hujatia?" na nakuhakikishia hajawahi kujitukana kwenye mazungumzo hayo. Cha pili ni kuandika hofu kabla ya pepa. Dakika kumi, andika yote unayoyaogopa kwenye karatasi ya ovyo afu ichane ukitaka, anza mtihani. Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chicago walionyesha 2011 kwamba wale wanaoogopa sana mtihani wakifanya hivyo wanapata alama nzuri zaidi, maana hofu inakaa palepale kichwani ambapo ungewekea namba zako za kubeba, ukiitua chini kunakuwa na nafasi. Watoto wangu wanaipenda kuliko zote kwa sababu wanaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili, hata cha mtaani.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya mizizi inayotibu kila kitu. Uingereza walifanya utafiti mkubwa, shule 85, watoto zaidi ya 8,000 wa miaka 11 mpaka 14, matokeo yakatoka 2022, na waliofundishwa maindifulnesi hawakuwa na nafuu kuliko wenzao walioendelea na vipindi vya kawaida. Wengi hata nyumbani hawakufanya mazoezi. Ilinisumbua kidogo niliposoma, afu nikaona ni haki, mtoto aliyelazimishwa kupumua saa nne asubuhi kwa sababu ipo kwenye ratiba ni kama wangu walivyolazimishwa kuimba vipanga. Na kuna watoto ambao shida yao haiko kwenye mawazo hata kidogo. Nina mmoja anatembea kutoka ng'ambo ya mto bila kunywa kitu, tukianza kutulia anasinzia, hilo ni tumbo lile, tulipoanza uji wa michango wa saa nne akaanza kuhesabu pumzi vizuri tu. Na kuna siku karatasi ya kushoto imeandikwa kitu ambacho sio cha kujibu na sijaweza wala bado, kitu cha nyumbani cha usiku, hapo naweka chaki chini naenda kwa mwalimu wa malezi na ustawi wa jamii, na ile namba ya msaada kwa watoto, 116, ambayo ni bure, imeandikwa ubavuni mwa ubao wangu haifutwi.

Zai mtihani wa taifa wa form two alipata 34. D. Nimewaambia watu hiyo alama wakanitazama kama wanasubiri iliyobaki. Hakuna iliyobaki. Kutoka 11 mpaka 34, hakukariri mwaka, sasa yuko form four, na ukisahihisha kazi zake bado anatumia penseli kwanza ila anafuta mara moja, mara mbili, afu anaandika juu yake kwa peni. Juzi nimekuta pembeni mwa daftari kaandika kwa herufi ndogo "konda huyo". Swali la chini yake kalikosea, kasahau kubadilisha ishara, ila karatasi nzima haina tundu.

Wiki iliyopita tulifanya tena zoezi la nani huyo, na form two wa sasa. Mvulana mmoja mkimya, anakaa karibu na mlango, kanikabidhi ya kwake imekunjwa mara nne. Upande wa kushoto hamna kitu. Upande wa kulia kaandika: "Madam ni ya baba. Na baba amefariki. Sitaki iondoke."

Sijamjibu. Nimeiweka kwenye pochi, nimetembea nayo siku sita, jana nikaitoa kwenye daladala nikaisoma tena nikapitiliza kituo. Alhamisi nina kipindi nao, dabo.